Harold Wagstaff na miaka ya mwanzo ya raga ya kulipwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikimtaja Harold Wagstaff mbele ya wapenzi wa raga wa huku kwetu, maswali huwa ni yale yale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kadiri ya uwezo wangu. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanastahili, na mengine kwa mistari miwili mitatu tu.

Harold Wagstaff ni nani?

Ni Mwingereza aliyezaliwa tarehe 19 Mei 1891 Underbank, kitongoji cha mji mdogo wa Holmfirth, katika mabonde ya Yorkshire yaliyojaa viwanda vya sufu. Alianza kulipwa kwa kucheza raga akiwa na miaka 15. Alivaa jezi ya Uingereza akiwa na 17, akawa nahodha wa klabu ya Huddersfield akiwa na 20, na akiwa na 23 aliiongoza timu ya taifa kuvuka bahari hadi Australia. Magazeti ya wakati wake yalimwita mwana mfalme wa masenta. Aliichezea Huddersfield mechi 436 na kufunga trai 175, na hakuhama kwenda klabu nyingine hata mara moja.

Raga aliyocheza ndiyo hii tunayoiona Shujaa wakicheza?

Hapana. Shujaa, timu ya Kenya ya wachezaji saba, wanacheza tawi linaloitwa raga ya yunioni, ambalo mchezo wake mkuu ni wa wachezaji 15. Wagstaff alicheza tawi la pili, raga ya ligi, la wachezaji 13. Mpira ni ule ule wa umbo la yai, na trai inafungwa vile vile kwa kuugusisha ardhini nyuma ya mstari wa wapinzani. Tofauti kubwa inaonekana mchezaji anapoangushwa. Katika yunioni watu wanaurukia mpira na kuugombania pale chini. Katika ligi aliyeangushwa anaachiliwa, anasimama, anauviringisha mpira nyuma kwa mguu na mchezo unaendelea.

Sheria hiyo ya kusimama na kuuviringisha mpira, pamoja na kupunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13, ilipitishwa mwaka 1906. Wagstaff alicheza mechi yake ya kwanza msimu huo huo wa kwanza wa wachezaji 13. Mchezo ulikuwa mpya kwa kila mtu uwanjani, na nadhani kijana asiye na mazoea ya zamani ya kuyasahau alipata faida hapo.

Kwa nini raga iligawanyika?

Kwa sababu ya ujira wa siku ya Jumamosi, na hili nataka nilieleze taratibu, maana bila hilo maisha ya Wagstaff hayaeleweki.

Mwishoni mwa karne ya 19, raga ya Uingereza iliongozwa na mabwana wa London waliosoma shule za kitajiri. Kwao mchezo ulikuwa starehe, na kumlipa mchezaji hata senti ilikuwa aibu. Lakini kaskazini, Yorkshire na Lancashire, wachezaji walikuwa wachimba makaa, wafumaji na makuli. Jumamosi walifanya kazi nusu siku. Timu ikisafiri, mchezaji alilazimika kuondoka kazini mapema, na mshahara wake wa saa hizo ukakatwa. Kwa hiyo wakubwa wa klabu za Yorkshire waliomba jambo dogo: mchezaji afidiwe ujira alioupoteza. Mwaka 1893 ombi hilo lilipigiwa kura London likakataliwa, kura 282 dhidi ya 136.

Tarehe 29 Agosti 1895, klabu za kaskazini zilikutana katika George Hotel mjini Huddersfield, zikajitoa na kuunda chombo chao, Northern Union, ndicho kilichozaa raga ya ligi. Walianza na fidia ya shilingi 6 kwa siku, basi. Mwaka 1898 wakaruhusu malipo ya wazi, ila kwa sharti kwamba mchezaji awe na kazi nyingine ya kweli. Anayehudumu baa au anayehesabu alama kwenye meza ya biliadi hakuhesabiwa kuwa na kazi. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1905. Upande wa pili, chama cha London kilimfungia maisha yeyote aliyegusa mpira wa Northern Union.

Mimi jambo hili linanigusa. Nilipokuwa kijana nilicheza raga Jumamosi huku nikifanya kibarua cha kupakua magunia ghalani, na kila tuliposafiri kucheza nje ya mji, mwenye gari alinikata siku nzima hata kama nilikuwa nimefanya kazi hadi saa tano. Hakuna mtu aliyenirudishia. Kwa hiyo nikisoma kwamba kuna watu walivunja chama kizima kwa ajili ya shilingi 6 za mfumaji, siwezi kusema walikuwa na tamaa ya pesa. Walidai mtu asiadhibiwe kwa kuwa maskini.

Alianzaje kulipwa akiwa na miaka 15?

Alikuwa akicheza na vijana wa mtaani, kisha na Underbank Rangers, klabu ya kijijini kwao. Mwili wake ulikuwa umekomaa mapema, na habari zake zilishuka bondeni haraka. Huddersfield wakamsajili kwa sovereni tano za dhahabu, akapelekwa moja kwa moja kwenye timu ya wakubwa.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa tarehe 10 Novemba 1906, ugenini kwa Bramley. Alikuwa na umri wa miaka 15 na siku 175. Pembeni yake walisimama wanaume wenye ndevu waliotoka kazini asubuhi ile. Huddersfield walishinda, na mtoto yule akafunga trai. Oktoba 1908 akauchezea mkoa wa Yorkshire. Tarehe 2 Januari 1909, kwenye uwanja wa nyumbani wa Fartown, akaichezea Uingereza dhidi ya Waaustralia waliokuwa ziarani kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka 17 na siku 228.

Sovereni tano zilikuwa pesa nyingi?

Sovereni moja ilikuwa pauni moja, na pauni ilikuwa na shilingi 20. Kwa hiyo alipokea shilingi 100. Ukizipima kwa ile fidia ya shilingi 6, ni kama ujira wa siku 17 hivi. Kwa mtoto wa miaka 15 kutoka nyumba ya wafanyakazi, kushika vipande vitano vya dhahabu mkononi lilikuwa jambo la kusimuliwa kijiji kizima.

Lakini kwa alichokuja kuwafanyia Huddersfield, walimpata kwa bei ya bure. Mwaka 1913, Hull walilipa pauni 600 kumtoa Billy Batten kutoka Hunslet. Pauni hizo 600 zililipwa klabu kwa klabu, na ndiyo bei ya juu kabisa iliyokuwa imetolewa hadi wakati huo. Wagstaff hakuwahi kuuzwa.

Alicheza nafasi gani, na ubora wake ulikuwa nini?

Alikuwa senta, yaani mmoja wa wale wawili wa katikati wanaopokea mpira kutoka kwa wasambazaji na kuupeleka kwa mawinga, wale wa pembeni. Masenta wengi wa enzi zake walitegemea nguvu za mabega. Wagstaff alikuwa na mwili wa kutosha, lakini alitumia kichwa. Alikimbia moja kwa moja kuelekea kwa beki, akamsubiri beki ajitoe kumkaba, na sekunde ile ile akaachia pasi kwa mwenzake ambaye sasa hakuwa na mtu mbele yake. Kufanya hivyo unahitaji moyo, maana kila pasi nzuri ya aina hiyo inaishia wewe ukiwa umeangushwa chini, na mwenzako ndiye anayeshangiliwa.

Alikuwa pia adui wa kupiga mpira mbali ovyo. Timu nyingi zikibanwa karibu na mstari wao zilipiga mkwaju mrefu ili zipumue. Huddersfield ya Wagstaff ilianza kupasiana hapo hapo, miguuni mwa mstari wao wenyewe. Walikuwa pia na mbinu ambayo mwenye mpira anamgeukia mwenzake anayepita nyuma yake, anamkabidhi, halafu mwili wake mwenyewe unabaki katikati kama ukuta kati ya mwenzake na wapinzani. Wapinzani walilalamika kwamba ni kuzuia njia. Waamuzi mara nyingi waliiacha, kwa sababu ilifanyika kwa mwendo wa kawaida wa mchezo, hakuna aliyemsukuma mtu.

Wenzake Huddersfield walikuwa nani?

Kikosi kile kiliitwa timu ya vipaji vyote, na kwa mara moja sifa ya magazeti ilikuwa ya haki.

Winga alikuwa Albert Rosenfeld, Myahudi kutoka Sydney, mtu mfupi aliyekuja na ziara ya Australia ya 1908 na 1909 akabaki Huddersfield. Msimu wa 1911 hadi 1912 alifunga trai 78. Watu wakadhani haitawezekana tena, naye msimu wa 1913 hadi 1914 akafunga 80. Rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo, na kwa jinsi mchezo ulivyobadilika sidhani kama itavunjwa. Winga mwingine alikuwa Stanley Moorhouse, aliyelishwa pasi na Wagstaff mwenyewe. Mbele walikuwapo Douglas Clark, mchuuzi wa makaa kutoka Cumberland aliyekuwa pia bingwa wa mieleka, na Ben Gronow, Mwelshi ambaye mguu wake ulipeleka mikwaju katikati ya milingoti msimu mzima.

Angalia mchanganyiko huo: Mwaustralia, Mwelshi, mtu wa Cumberland, na nahodha mtoto wa bondeni. Klabu iliyolipa iliweza kuita watu kutoka mbali, na mtu kutoka mbali aliweza kuja bila kuogopa kulala njaa.

Nini hasa kilitokea Sydney tarehe 4 Julai 1914?

Hapa ndipo jina lake lilipoingia kwenye historia, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Timu ya Uingereza ilikuwa ziarani Australia, Wagstaff nahodha. Mechi za kimataifa zilikuwa tatu. Ya kwanza ilichezwa Sydney tarehe 27 Juni, Uingereza wakashinda 23 kwa 5. Ya pili ilichezwa siku mbili tu baadaye, tarehe 29 Juni, Australia wakashinda 12 kwa 7. Ya tatu Waingereza walitarajia ichezwe Melbourne baadaye, watu wapate kupona. Wenyeji wakaileta mbele: Sydney, tarehe 4 Julai. Mechi tatu nzito ndani ya siku nane.

Meneja wa ziara, John Clifford, alikataa. Wachezaji wake kadhaa wazuri walikuwa majeruhi. Simu ya maandishi ikapelekwa Uingereza, na jibu la Northern Union likarudi kwamba mechi ichezwe na kila mtu atimize wajibu wake. Clifford akawakusanya wachezaji, akawasomea, akawaambia anachotarajia kwao.

Kumbuka sheria ya siku zile: hakukuwa na mchezaji wa akiba. Aliyeumia alitoka, na pengo likabaki pengo.

Uwanja wa Sydney Cricket Ground ulikuwa na watu zaidi ya 34,000. Mambo yaliharibika mapema. Winga Frank Williams alipinda mguu, akaendelea kuchechemea. Douglas Clark alivunjika kidole gumba, akaendelea kucheza. Hata hivyo Uingereza waliongoza 9 kwa 0 kufikia mapumziko: trai ya Willie Davies, yenye pointi 3 kwa hesabu ya wakati ule, na mikwaju mitatu ya beki wa mwisho Alf Wood, kila mmoja pointi 2.

Kipindi cha pili kikaanza vibaya zaidi. Clark, mtu yule wa mieleka, aliangukia bega na mfupa wa mtulinga ukavunjika. Alifungwa bandeji, akajaribu kurudi, akashindwa. Mguu wa Williams ukakataa kabisa, akatoka. Kisha Billy Hall akagongwa kichwa, akazimia, akabebwa nje. Wakabaki 10 dhidi ya 13, na zaidi ya nusu saa ya mchezo bado mbele yao.

Wagstaff akawapanga upya. Albert Johnson wa Widnes, aliyezoeleka kwa jina la Chick, alikuwa fowadi, mtu wa kusukumana. Nahodha akamtoa akampeleka pembeni kucheza kama winga. Waliobaki mbele wakawa wachache mno kwa skramu, ule msukumano wa mafowadi wa pande mbili, lakini wakaendelea kuinama na kusukuma. Kila Mwaustralia aliyepita pengo la kwanza alimkuta Mwingereza mwingine akimsubiri, na mara nyingi huyo alikuwa Wagstaff.

Kisha ikaja ile trai. Badala ya kujilinda tu, Wagstaff aliona mwanya, akapenya. Akawavuta mabeki upande wake, akampa mpira Johnson. Sasa mbele ya Johnson alibaki mtu mmoja, Howard Hallett, beki wa mwisho wa Australia. Wagstaff alikimbia kando akitegemea kurudishiwa pasi. Johnson hakuirudisha. Aliudondosha mpira chini, akaanza kuusukuma kwa miguu kama mchezaji wa soka. Fikiria mpira wa umbo la yai, ambao ukigusa nyasi hujui utaruka kushoto au kulia, na fowadi mwenye matope hadi magotini anaugusa huku, anaugusa kule, unamtii. Akampita Hallett, akaendelea nao mpaka nyuma ya mstari, akauangukia. Wood akapachika mkwaju. 14 kwa 0.

Australia walifunga trai mbili dakika za mwisho, wakati miguu ya Waingereza ilikuwa imekwisha. Hall alikwisharudi uwanjani hata kabla kichwa hakijamtulia. Mwisho ulikuwa 14 kwa 6, na umati uliokuja kuwashangilia wenyeji ukawapigia makofi wageni.

Kwa nini mechi hiyo inaitwa Rorke's Drift?

Rorke's Drift ni kituo kilichokuwa Natal, Afrika Kusini. Tarehe 22 na 23 Januari 1879, wanajeshi wa Uingereza wapatao 150 walijihami pale dhidi ya maelfu ya wapiganaji wa Kizulu. Kwa Waingereza lile likawa jina la wachache kuwahimili wengi, na mechi ya Sydney ikabandikwa jina hilo.

Mimi, kama Mwafrika, nikilitamka jina hilo huongeza la pili. Siku ile ile ya tarehe 22 Januari, kilomita chache kutoka hapo, Wazulu waliokuwa wakilinda nchi yao waliliangamiza jeshi la Waingereza huko Isandlwana. Mechi ya Wagstaff ni tukufu kwa haki yake yenyewe, na ningefurahi kama wangeiita tu mechi ya watu 10.

Makombe manne ndiyo yapi?

Klabu ya Yorkshire iliweza kushinda mambo manne kwa msimu: Kombe la Yorkshire, Ligi ya Yorkshire, Kombe la Challenge na ubingwa wa nchi. Ni klabu tatu tu zilizowahi kuyakusanya yote manne ya upande wao: Hunslet msimu wa 1907 hadi 1908, Huddersfield ya Wagstaff msimu wa 1914 hadi 1915, na Swinton wa Lancashire msimu wa 1927 hadi 1928.

Ukitazama matokeo ya fainali za Huddersfield utaelewa. Hull walifungwa 31 kwa 0. Leeds walifungwa 35 kwa 2. Fainali ya Kombe la Challenge, tarehe 1 Mei 1915 mjini Oldham, St Helens walifungwa 37 kwa 3. Msimu mzima Huddersfield walipoteza mechi mbili tu.

Fainali ile ya mwisho ina habari ambayo haipendezi kusahauliwa. Wachezaji wa St Helens walipofika waliambiwa hakuna bonasi. Wakakataa kuingia uwanjani, mpaka nahodha wao Tom Barton alipowabembeleza. Watu husimulia ushindi wa Huddersfield bila kutaja kwamba wapinzani waliingia mioyo ikiwa imevunjika. Miaka 20 baada ya mkutano wa George Hotel, swali la nani alipwe na kwa nini lilikuwa bado halijaisha.

Vita vilimfanya nini?

Viliiba miaka yake bora. Timu ya ziara ilicheza New Zealand tarehe 1 Agosti 1914, ikashinda 16 kwa 13, na siku tatu baadaye Uingereza ikaingia vitani. Msimu wa makombe manne ulichezwa wakati vijana wakiandikishwa jeshini, na baada yake mashindano rasmi yakasimama. Msimu uliofuata mechi zilichezwa bila wachezaji kulipwa.

Wagstaff aliingia kitengo cha magari cha Army Service Corps, kilichokuwa na kambi Grove Park, London. Humo alikutana tena na Clark, Gronow na Rosenfeld. Wakaunda timu, wakacheza raga ya yunioni, mchezo ule ule ambao chama chake kilikuwa kimewafungia maisha. Jeshini marufuku ililegezwa. Msimu wa 1916 hadi 1917 walishinda mechi 25 kati ya 26. Vita vilipokwisha marufuku ikarudi kama ilivyokuwa. Mtu aliruhusiwa kucheza yunioni alipokuwa tayari kufa kwa ajili ya nchi, na amani ilipokuja akaambiwa hafai. Ni miaka zaidi ya 100 sasa, na bado naona ni dhuluma.

Baadhi ya wenzake hawakurudi. Fowadi Fred Longstaff wa Huddersfield aliuawa mwaka 1916.

Baada ya vita alicheza tena?

Ndiyo. Mwaka 1920 aliongoza ziara yake ya pili Australia, safari hii Australia wakashinda mechi mbili kati ya tatu. Waaustralia walipokuja Uingereza msimu wa 1921 hadi 1922, Wagstaff alikuwamo katika timu iliyolipiza. Alicheza mechi yake ya mwisho Huddersfield mwaka 1925, afya ikiwa imeanza kumsaliti.

Je, kulikuwa na wachezaji weusi katika raga ya ligi wakati wake?

Walikuwapo, ingawa wachache, na nafurahi swali hili linapoulizwa. Mwaka 1912, Hunslet walimsajili Lucius Banks, Mmarekani mweusi aliyekuwa mwanajeshi wa farasi. Mwaka uliofuata James Peters alijiunga na Barrow, kisha akaenda St Helens.

Peters anastahili ukurasa wake peke yake. Alizaliwa Salford, akakulia kwanza katika sarakasi, kisha katika nyumba za mayatima. Mwaka 1906 akawa mchezaji mweusi wa kwanza kuichezea Uingereza raga ya yunioni. Mwaka huo huo Waafrika Kusini walipokuja, walipinga kucheza dhidi ya Devon kwa sababu yeye alikuwamo, na mechi ya taifa dhidi yao akaachwa nje. Baadaye alipoteza vidole vitatu kazini. Alipovuka kwenda kaskazini kulipwa alikuwa na zaidi ya miaka 30. Natamani raga ya ligi ingempata akiwa kijana.

Wagstaff alitajirika?

Hapana. Alikuwa mchezaji maarufu kuliko wote wa mchezo wake, na alipostaafu aliendesha baa mjini Huddersfield, akafundisha timu za Halifax na Broughton Rangers. Yalikuwa maisha ya mtu wa kawaida anayeheshimiwa mtaani. Watu wakisikia raga ya kulipwa hufikiria mishahara ya siku hizi. Malipo ya siku zile yalikuwa nyongeza juu ya kazi, si badala ya kazi.

Alifariki lini, na alikumbukwa vipi?

Alifariki Julai 1939 akiwa na miaka 48. Mwaka 1988 Waingereza walipofungua jumba la heshima la raga ya ligi, walianza na majina tisa. Lake lilikuwamo, na la Rosenfeld pia.

Nikifika Huddersfield, niende wapi?

Ukishuka treni, George Hotel iko hatua chache tu, kwenye uwanja ule ule wa mbele ya stesheni. Klabu ilihama Fartown mwaka 1992. Baada ya hapo panda basi la Holmfirth, kama nusu saa hivi kupitia bondeni, ukaulize Underbank Rangers wanacheza wapi. Klabu ile iliyomlea bado ipo. Nenda Jumamosi, uvae koti.